Waridi la Kunukia Katika Nchi ya Theluji

Watu wengi wafikiri ya kwamba kuchagua mwaridi ni kazi nyepesi. Mtu aenda dukani, atazama picha, apenda rangi, alipa fedha yake, kisha arudi nyumbani na kupanda. Sisi nasi tulifikiri hivyo. Twakiri mbele yenu, wasomaji wapendwa, ya kwamba fikira hiyo ilitupotezea miaka na fedha, tena ilikaribia kumkatisha tamaa mzee wetu. Kwa hiyo twaandika habari hizi, ili yule akaaye katika nchi ya baridi kama sisi, naye atamani harufu ya waridi mlangoni pake, asipite katika njia tuliyopita.

Sisi ni mtu na mkewe, nasi twakaa Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba katika Kanada. Nchi hii ni tambarare kama kitanga cha mkono. Theluji huanguka mwezi wa Novemba, na mara nyingi haiondoki hata Machi au Aprili. Mwezi wa Januari baridi hushuka hata digrii 30 chini ya sifuri, na miaka mingine hukaribia 40. Ardhi yenyewe huganda kwenda chini zaidi ya mita moja, ikawa ngumu kama jiwe. Mtu aliyezaliwa Pwani akiambiwa ya kwamba katika ardhi hiyo huota maua, ataona kama afanyiwa mzaha.

Mwezi wa Septemba mwaka 2016 tulimleta mama yetu kutoka Pemba aje akae nasi. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa ugonjwa wa presha ya macho. Aliweza kujua mchana na usiku, na kivuli cha mtu apitaye, basi. Tangu utoto wake alikuwa mchumaji wa karafuu. Alizoea kukaa usiku katika baraza na wenzake wakizichambua, na asubuhi kuzianika juani juu ya majamvi. Huyu ni mtu aliyeijua dunia kwa pua yake. Aliweza kusema mvua yaja kabla ya wingu kuonekana, na kumtambua mgeni kwa udi aliojifukiza.

Huku kwetu pua yake haikupata kazi. Miezi mitano ya theluji haina harufu yoyote, nayo nyumba zafungwa madirisha. Siku moja akatuuliza, “Wanangu, huku maua hayanukii?” Tukaona aibu, tukaenda mjini tukamnunulia shada la mawaridi mekundu. Akalipokea kwa mikono miwili, akalisogeza puani, akakaa kimya. Kisha akasema kwa upole, “Ahsanteni, wanangu. Lakini haya si ya karatasi?”

Hayakuwa ya karatasi. Yalikuwa mawaridi ya kweli, lakini yalikuwa ya biashara. Maua ya namna hii huletwa huku kwa ndege kutoka Kolombia na Ekwado, kama yale ya Naivasha katika Kenya yapelekwavyo Ulaya. Wakulima wameyachagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya shina refu, rangi isiyochujuka, na nguvu ya kukaa siku nyingi ndani ya maji. Aliyechagua hayo yote hakuichagua harufu, nayo ikabaki nyuma njiani. Mama alilijua waridi jingine: lile lifungwalo katika kikuba pamoja na asumini na mrehani, na lile ambalo maji yake hunyunyizwa kwa mrashi katika harusi. Basi tukamwahidi ya kwamba tutampandia mwaridi unukiao, mlangoni hasa, mahali ambapo atoka na kuingia.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hili. Mwezi wa Mei mwaka 2017 tulikwenda katika duka moja la miche, tukauliza, “Ni upi unukiao kupita yote?” Tukauziwa miche mitatu ya mwaridi uitwao Mister Lincoln, uliotolewa Marekani mwaka 1964. Sifa yake si ya uongo: ua lake ni jekundu la kuiva, na harufu yake yajaza chumba. Mwezi wa Agosti tukapata maua mawili. Mama akayanusa akacheka, nasi tukadhani kazi imekwisha.

Lakini kabla ya Agosti kwisha, majani yakaanza kuwa na madoa meusi yenye kingo kama za unyoya, kisha yakageuka manjano, yakapukutika kuanzia chini kwenda juu, hata miche ikabaki fimbo tupu. Huu ndio ugonjwa wa madoa meusi, uletwao na kuvu. Mbegu zake ni ndogo hata hazionekani kwa jicho. Matone ya maji huzirusha kutoka jani hata jani, na jani likikaa na unyevu muda wa saa saba hivi, zapata kuingia. Sisi kwa ujinga wetu tulikuwa tukimwagilia jioni, tena juu ya majani, kama tunaoosha. Tulikuwa twaulisha ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe.

Mwaridi uliopoteza majani yake huingia katika baridi ukiwa hauna akiba. Masika ya huku yalipofika mwaka 2018, miche miwili ilikuwa imekufa kabisa. Wa tatu ukachipuka kutoka chini, tukashangilia. Ukatoa fimbo ndefu zenye majani madogo, tofauti na yale ya kwanza, wala haukutoa ua hata moja. Hatukujua kwa nini.

Kosa la pili lilikuwa kinyume cha lile la kwanza. Tukasema, sasa tutafute kwanza uwezao baridi. Na hapa yafaa tuwaeleze jambo jema la nchi hii. Kuanzia mwaka 1961, katika shamba la majaribio la serikali kule Ottawa, bibi mmoja mtaalamu, jina lake Felicitas Svejda, alizalisha miwaridi kwa nia ya kupata aina zistahimilizo baridi kali pasipo kufunikwa, zenye kuchanua tena na tena, na zisizoshindwa upesi na magonjwa. Aina hizo zikapewa majina ya wavumbuzi wa zamani: Jens Munk mwaka 1974, Henry Hudson mwaka 1976, John Cabot mwaka 1978, William Baffin mwaka 1983, na nyingine. Hata hapa kwetu Manitoba, katika mji mdogo wa Morden, serikali ilikuwa na kituo chake kilichotoa miwaridi yake ya nchi tambarare.

Tukapanda William Baffin. Mwaka 2019 ukapanda ukuta kupita kimo cha mtu, ukajaa maua ya rangi ya waridi iliyokoza, na majani yake yaling'aa pasipo doa. Wapita njia walisimama kuutazama. Tukamshika mama mkono, tukampeleka, tukamwekea tawi usoni. Akavuta pumzi mara tatu. Akasema, “Nasikia nyuki. Lazima ni mzuri.” Harufu yake ni hafifu mno, nasi hatukuwa tumeuliza. Tulikuwa tumempandia kipofu mwaridi wa kutazamwa.

Jioni ile akatuita, akasema, “Wanangu, mmejitahidi sana, msijisumbue tena. Mwakani mnirudishe nyumbani. Nataka kukaa mahali ambapo upepo una kitu ndani yake.” Tukalala vibaya usiku ule. Hatukuweza kumkatalia. Tukanunua tiketi ya mwezi wa Aprili mwaka 2020.

Sasa tuwaambie habari za jirani yetu. Ni bibi mzee wa asili ya Ukraine, naye amelima kipande chake cha ardhi miaka mingi. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wa 2019, kabla William Baffin haujachanua, alikuwa amekuja kuutazama ule mwaridi wetu wa kwanza, uliotoa fimbo pasipo maua. Akainama, akafukua udongo kwa kidole, akatuonyesha kifundo. Akasema, “Huu mlionunua ulikuwa wa kubebeshwa. Juu ni mwaridi mmoja, chini ni mwaridi mwingine wa mwitu. Wa juu umekufa kwa baridi. Huu uotao ni wa chini. Ninyi mlitazama ua, hamkuuliza mzizi.”

Tukaelewa mara moja, kwani nyumbani twaijua michungwa na miembe ya kubebeshwa. Katika nchi ya joto kubebesha hakuna hatari kubwa, kwa maana hakuna kitu kiuacho sehemu ya juu. Lakini katika nchi hii baridi huweza kuua kila kilicho juu ya theluji. Ikiwa mti wasimama juu ya mizizi yake wenyewe, hata ukikatwa mpaka chini, utakaochipuka ni ule ule. Ikiwa umebebeshwa, huenda ukachipuka mgeni.

Bibi yule akatupeleka uani kwake. Kando ya banda palikuwa na kichaka cha miiba mingi, majani yake mazito yenye mikunjo kama ngozi ya uso wa mzee. Akachukua sepeto, akakata chipukizi lililoota mbali kidogo na mama yake, akalitoa pamoja na mizizi, akatupa. Alifanya vile vile tufanyavyo sisi kwa mgomba: humkatii jirani jani, wampa mwana wa mgomba. Akasema jina lake ni Hansa. Tukashukuru, tukalipanda mlangoni, lakini kusema kweli hatukulitumaini. Kijiti kile kilikuwa kifupi kuliko mkono wa mtoto.

Mwaka 2020 ukaingia, nanyi nyote mwaujua mwaka ule. Ugonjwa wa korona ukaenea, ndege zikakatazwa, tiketi ya mama ikawa karatasi tu. Tukafungiwa ndani sote watatu. Mama hakulalamika, ila alizidi kunyamaza, na chakula akakipunguza. Sisi tuliogopa, tuliogopa ugonjwa, na zaidi tuliogopa kwamba atafia mahali pasipo harufu, baada ya kutuomba waziwazi tumrudishe.

Karibu na mwisho wa Juni, asubuhi moja, tukafungua mlango ili apate jua. Akatoka hatua mbili akashika mwimo. Akasimama. Kisha akauliza kwa sauti ambayo hatukuisikia miezi mingi, “Nani ameanika karafuu hapa?”

Palikuwa na maua manne. Hansa ulikuwa umechanua mlangoni, rangi ya zambarau inayoelekea wekundu, na ndani ya harufu ya waridi mna harufu ya karafuu, wazi kabisa. Hili si jambo la kuota. Ile dawa iitwayo eujenoli, ambayo ndiyo roho ya harufu ya karafuu, hupatikana pia kidogo katika mafuta ya waridi. Na watunza bustani wote huusifu Hansa kwa harufu yake ya karafuu. Jirani yetu hakuwa akijua Pemba ni wapi. Alitupa alichokuwa nacho.

Mama akaomba kiti. Akakaa pale mpaka adhuhuri, na chakula chake akala pale pale.

Basi, wasomaji wapendwa, tuseme sasa tuliyojifunza, kwa mtu yeyote atakaye kupanda mwaridi katika nchi ya namna hii.

Kwanza, uliza baridi ya mahali pako kabla ya kuuliza uzuri wa ua. Idara ya kilimo ya Marekani ina ramani igawanyayo nchi katika sehemu 13 kwa kadiri ya baridi yake kali ya mwaka, na Kanada nayo ina ramani yake. Sehemu ya 3 katika ile ya Marekani ni ile ishukayo hata digrii 40 chini ya sifuri. Chagua mwaridi ustahimilio baridi ya kwako, au ya mahali pabaya kidogo kuliko pako.

Pili, uliza mzizi. Nunua uliooteshwa kwa mizizi yake wenyewe.

Tatu, amini pua yako, usiamini karatasi ya sifa. Nenda katika bustani za watu wote wakati wa kuchanua, asubuhi, jua lisipokuwa kali bado, ukanuse. Neno “wanukia” katika vitabu vya wauzaji lina upana mwingi.

Nne, utazame mwaridi mwezi wa Agosti, si Juni tu. Mwezi wa Juni kila mwaridi ni bibi harusi. Mwezi wa Agosti utaona ni upi wenye majani na ni upi uliobaki uchi kwa madoa meusi, au uliopakwa unga mweupe wa ubwiri.

Kwa ajili ya harufu, afya na baridi kwa pamoja, sisi twaanza na jamii ya rugosa. Asili yake ni pwani za Japani, Korea, kaskazini mashariki ya Uchina, na mashariki ya Siberia, ambako huota mchangani karibu na bahari, wala haiogopi upepo wa chumvi. Yale majani yake yenye mikunjo hayashikwi upesi na madoa meusi. Hansa, uliotolewa Uholanzi mwaka 1905, ni wa jamii hii, na huweza kupita kimo cha mtu. Blanc Double de Coubert, wa Ufaransa, ni mweupe wenye harufu nyingi, ila mvua huyaharibu maua yake. Henry Hudson ni mfupi na mweupe, nao una harufu inayofanana na ya karafuu. Huo wawafaa wenye ua mdogo.

Baada ya hiyo twautaja Thérèse Bugnet. Georges Bugnet, mwandishi Mfaransa, alihamia Alberta mwaka 1905 akawa mkulima. Akachanganya rugosa na miwaridi mingine ya nchi za baridi, na katika ukoo wa mwaridi huu mna pia damu ya Betty Bland, uliozalishwa hapa Manitoba na Frank Skinner. Ukatolewa mwaka 1950. Ua lake ni la waridi jepesi lenye kunukia, na fimbo zake ni nyekundu hata katikati ya theluji.

Agnes, ambao msalaba wake ulifanywa na William Saunders wa mashamba ya majaribio ya Kanada, ukatolewa mwaka 1922, ni wa manjano na wanukia sana; lakini mzazi wake mmoja ni mwepesi wa kushikwa na madoa meusi, naye amemwachia mtoto kidogo. Sisi hatukuupanda.

Na matunzo ni haya. Panda mwisho wa Mei, mahali papatapo jua saa sita au zaidi, shingo ya mche ikiwa chini ya udongo kwa vidole vitatu hivi. Acha nafasi upepo upite kati ya mche na mche. Mwagilia asubuhi, chini ya shina. Zoa majani yaliyoanguka, kwani kuvu hulala humo wakati wa baridi. Rugosa usiinyunyizie dawa, maana dawa nyingi huunguza majani yake. Udongo wetu wa Winnipeg ni wa mfinyanzi wenye chokaa, nao huweza kuufanya mwaridi huu upauke majani kwa kukosa chuma. Changanya mboji nyingi. Tangu Agosti usitie mbolea tena wala usikate maua yaliyonyauka. Acha yafanye matunda, ili mti ujue ya kuwa ni wakati wa kulala. Theluji usiiondoe juu yake, kwani ndiyo blanketi.

Jambo moja lahitaji kusemwa wazi. Hansa una kasoro zake. Miiba yake ni mingi hata huwezi kuushika pasipo glavu, machipukizi yake hutambaa mpaka kwa jirani, na ua lake likikatwa halikai siku mbili katika maji. Muuza maua hawezi kupata riziki kwa ua la namna hii. Labda ndiyo sababu halikupoteza harufu yake: hakuna aliyelitaka liwe kitu kingine.

Njia za ndege zilipofunguliwa tena, tukamwendea mama, tukamwambia, “Mama, ahadi yetu iko pale pale. Sema siku, tukakate tiketi.” Akafikiri kidogo. Akasema, “Nipelekeni, lakini baada ya Juni.” Juni ikapita, tukamwuliza tena. Akasema, “Mwakani, baada ya Juni.” Nasi kila mwaka twauliza, kwa kuwa ni haki yake kuulizwa, naye hujibu vivyo hivyo.

Mwaridi ule sasa umetoa wana wengi. Kila masika jirani yetu aja na sepeto lake, na mama huketi mlangoni akihesabu kwa kidole ni nani apewe.